Kemo Si ya Kila Mtu: Jinsi Jeni 70 Zinavyotabiri Kama Kansa ya Matiti Itasambaa

Kama una simu na unaishi Kenya, hii stori unaijua. Unaamka asubuhi unapata umeongezwa kwa group mpya ya WhatsApp. Jina la group ni la mtu unayemfahamu: shangazi ya beshte yako, mwalimu wako wa praimari, ama mathe wa ile ploti ya nyuma. Picha iliyowekwa amevaa kitenge, anatabasamu. Ujumbe wa kwanza ni wa mweka hazina: namba ya paybill, tarehe ya kuanza kemo, na "kidogo chako si kidogo".

Wasee wanatuma. Mia mbili, mia tano, elfu moja. Kwa hiyo maneno Wakenya hatuachani.

Lakini kuna swali moja ambalo hakuna mtu huuliza kwa hiyo group, na mara nyingi hata mgonjwa mwenyewe haulizi akiwa ameketi mbele ya daktari: hii kemo itanisaidia kiasi gani?

Usidhani ni swali la ukaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasayansi wamekuwa wakilijibu kwa kusoma jeni za uvimbe wenyewe. Na jibu lilishtua wengi: kuna wanawake maelfu ambao wangeruka kemo na wasipoteze kitu cha maana. Kuna wengine nao wakiiruka ni ngori. Kazi ni kujua nani ni nani.

Vuta kiti tuchanuane.

Uvimbe mbili, sura moja, tabia tofauti

Fikiria nganya mbili za Rongai. Sacco moja, rangi moja, graffiti ya msanii mmoja. Zikiwa zimepaki stage huwezi kuzitofautisha. Lakini dere wa ile ya kwanza ni mzee mpole, akifika mwisho wa route anazima injini. Wa pili akiona mwanya tu amepanda kando ya barabara, amekata kona, na ukiuliza unaambiwa nganya iko mtaa ambao hata hauko kwa route yake.

Kansa ya matiti iko hivyo. Chukua wanawake wawili wa miaka 48. Kila mmoja ana uvimbe wa sentimita mbili, na tezi za kwapa bado ziko safi. Daktari akiangalia kwa hadubini anaona kitu kilekile. Wa kwanza anafanyiwa upasuaji na stori inaishia hapo. Wa pili anapasuliwa vilevile, halafu baada ya miaka mitatu kansa inapatikana kwa mfupa, kwa ini ama kwa mapafu.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Kinachoua watu wengi kwa kansa ya matiti ni kusambaa kwake. Uvimbe uliobaki ndani ya titi pekee hauwezi kuzima ini la mtu.

Zamani madaktari walikuwa wanakisia kwa vitu vichache: ukubwa wa uvimbe, kama umefika kwa tezi, seli zinaonekana kali kiasi gani, na umri wa mgonjwa. Hivyo vyote vinasaidia hadi leo, lakini haviwezi kukwambia dere ni nani. Kwa hivyo wengi waliwekwa kwa kemo, ndio asiachwe hata mmoja.

Mwaka 2002 timu ya watafiti wa Uholanzi iliandika hesabu ambayo kila mtu anafaa kuisoma mara mbili. Kemo ama dawa za homoni hupunguza hatari ya kansa kusambaa kwa karibu theluthi moja. Lakini kati ya wagonjwa wanaopewa hiyo tiba, asilimia 70 hadi 80 wangepona hata bila hiyo tiba.

Na kemo si peremende. Nywele zinaanguka, tumbo linakataa chakula, kinga inashuka mpaka homa ndogo inakulaza wodi, vidole vinaingia ganzi, hedhi inaweza kukatika kabisa, na kuna dawa zingine hulegeza moyo. Kama inakuokoa, hiyo bei unalipa bila kulia. Kama haikuongezei kitu, umelipa bure, wewe pamoja na group nzima ya WhatsApp.

Jeni, si jini

Kabla tuendelee, tusichanganye jeni na jini. Jini ni ile stori ya Mombasa ya mrembo mwenye kwato. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya DNA yako, na kila agizo linaambia seli itengeneze kitu fulani. Binadamu ana jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini, na karibu kila seli ya mwili wako imebeba zote.

Sasa kama seli ya jicho na seli ya ini zina jeni zilezile, mbona moja inaona na nyingine inachuja damu? Kwa sababu si jeni zote zimewashwa.

Fikiria ploti ya Pipeline, ghorofa saba, keja mia moja. Kila keja ina taa na swichi. Ukipanda rooftop ya jirani saa nane usiku, huoni watu ndani lakini taa unaziona. Hapa ghorofa ya pili ni giza, wamelala. Pale ya tano taa moja iko on, pengine kuna mtoto mchanga. Na ile keja ya mwisho ambayo taa haizimwi siku zote saba? Hata bila kuingia unajua kuna kitu kinapikwa.

Seli pia ziko hivyo. Jeni ikiwaka, inatoa nakala zake ziitwazo RNA. Ukihesabu hizo nakala unajua jeni gani imewaka, na inawaka kwa nguvu kiasi gani. Ukifanya hivyo kwa jeni nyingi kwa wakati mmoja unapata mpangilio wa taa za uvimbe wote. Huo mpangilio ndio unaitwa saini ya jeni.

Na hapa tuweke kitu wazi, kwa sababu wengi huchanganya. Hiki si kile kipimo cha BRCA ambacho huangalia kama ulirithi hatari ya kansa kutoka kwa wazazi. Kile huangalia jeni ulizozaliwa nazo. Hiki kinaangalia uvimbe wenyewe: taa gani ziko on saa hii, na je, huyu dere ni mpole ama ni wa kupanda juu ya pavement?

Siri ilikuwa kwa friza ya Amsterdam

Amsterdam kuna Taasisi ya Kansa ya Uholanzi, iliyoshikana na hospitali ya Antoni van Leeuwenhoek. Kwa miaka mingi hii taasisi ilikuwa na tabia moja poa: ikipasua mgonjwa, inaweka kipande cha uvimbe kwa friza na kuendelea kufuatilia maisha ya huyo mgonjwa.

Kwa hivyo walikuwa na kitu cha thamani sana: uvimbe wa zamani ambao mwisho wa stori yake tayari unajulikana. Ni kama kuwa na mechi zote za msimu uliopita pamoja na matokeo yake, halafu unarudi nyuma kutafuta dalili uliyofaa kuona dakika ya kwanza.

Timu iliyoongozwa na Laura van 't Veer na René Bernards, pamoja na wataalamu wa kampuni ya Marekani iitwayo Rosetta Inpharmatics, ilichukua uvimbe wa wanawake 78 wa chini ya miaka 55 ambao tezi zao za kwapa zilikuwa safi. Kansa ya 34 kati yao ilisambaa ndani ya miaka mitano. Wengine 44 walikaa angalau miaka mitano bila shida.

Wakapima jeni karibu 25,000 kwa kila uvimbe, kwa kutumia kioo kidogo chenye maelfu ya nukta, kila nukta ikinasa RNA ya jeni moja. Jeni karibu 5,000 zilionyesha tofauti za maana kati ya uvimbe na uvimbe. Kati ya hizo, 231 zilihusiana na kusambaa. Wakaendelea kuchuja hadi wakabaki na 70 tu.

Hizo 70 zilibashiri sawa kwa wanawake 65 kati ya 78. Wakazijaribu kwa wengine 19 wapya, na wakakosea wawili pekee. Nyingi ya zile zilizowaka kwa uvimbe mbaya ni zile ungetarajia: jeni za kufanya seli zigawanyike haraka, za kupenya nyama ya jirani, na za kuita mishipa mipya ya damu ilete chakula.

Desemba mwaka huohuo wakatoa matokeo ya wanawake 295. Wale 115 waliokuwa na saini nzuri, asilimia 94.5 walikuwa hai baada ya miaka 10. Wale 180 wenye saini mbaya, ni asilimia 54.6. Na hawa wote, kumbuka, walikuwa na kansa ambayo bado haikuwa imefika mbali.

Mwaka 2003 van 't Veer na Bernards wakaanzisha kampuni, Agendia, na kipimo kikapewa jina MammaPrint. Februari 2007 wasimamizi wa dawa na vifaa vya tiba wa Marekani, FDA, wakakipitisha.

Marekani wakaja na 21

Marekani nao hawakulala. Kampuni ya Genomic Health ilitengeneza kipimo cha jeni 21: za kansa ni 16, na tano za kulinganishia. Kinaitwa Oncotype DX. Uzuri wake ni kwamba hakikuhitaji uvimbe wa friza. Kilitumia kile kipande kilichowekwa kwa nta ambacho hospitali nyingi duniani huhifadhi baada ya biopsi ama upasuaji.

Kipimo hiki kinatoa alama kutoka 0 hadi 100. Alama ikiwa chini, hatari ya kansa kurudi iko chini. Mwaka 2004 kilijaribiwa kwa sampuli za wagonjwa 668 wa zamani waliokuwa wamepewa tamoxifen, dawa ya homoni. Wenye alama za chini, kansa ilirudi mbali na titi kwa asilimia 6.8 ndani ya miaka 10. Wenye alama za juu, asilimia 30.5.

Lakini kutabiri ni kitu kimoja. Kumwambia mtu mzima mwenye watoto "enda nyumbani, ruka kemo" ni kitu kingine kabisa. Ukikosea, unazika mtu. Kwa hivyo ilibidi mtihani wenyewe ufanywe na watu walio hai.

Wanawake waliokubali kompyuta iwapangie

Wa kwanza unaitwa MINDACT. Kati ya 2007 na 2011, wanawake 6,693 kutoka nchi tisa za Ulaya walikubali kupimwa kwa njia mbili: ile ya zamani ya ukubwa na tezi, na ile ya jeni 70. Njia zote mbili zikikubaliana, hakuna ubishi. Zikipingana, kompyuta inachagua ni ipi ifuatwe.

Angalia wale 1,550 ambao njia ya zamani ilisema "hatari kubwa" na jeni zikasema "hatari ndogo". Kwa kawaida hawa wote wangepewa kemo. Waliokosa kemo, asilimia 94.7 walikuwa hai na kansa haijasambaa baada ya miaka mitano. Waliopewa walikuwa mbele kwa pointi 1.5 tu. Yaani ukiwapa kemo watu 100 wa aina hiyo, inasaidia mmoja ama wawili. Wengine wote wanapoteza nywele bure.

Matokeo yalitoka 2016, na hesabu yake ni hii: kati ya wanawake wote ambao njia ya zamani ingewapeleka kemo, kufuata jeni kungewaondoa asilimia 46.

Mtihani wa pili, TAILORx, ulianza 2006 na ukasajili wanawake 10,273. Sehemu ya pesa yake ilitoka kwa stempu ya posta. Marekani waliuza stempu maalum ya utafiti wa kansa ya matiti, ukinunua ya kutuma barua unaongeza senti kidogo. Hiyo nayo ni harambee, sema tu haikuwa na paybill.

Wenye alama 0 hadi 10 walipewa dawa za homoni bila kemo. Baada ya miaka mitano, asilimia 99.3 hawakuwa na kansa iliyosambaa mbali. Wale wa kati, alama 11 hadi 25, ndio walikuwa kitendawili. Zaidi ya 6,700 waligawanywa, nusu wakapewa dawa za homoni pekee na nusu wakaongezwa kemo. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai ni asilimia 93.9 kwa wasiopewa kemo, na 93.8 kwa waliopewa.

Soma tena. Tofauti haipo. Haya yalitangazwa Chicago, Juni 2018, na kliniki nyingi duniani zikabadilisha vile zinafanya kazi.

Pole pole, si ya kila mtu

Kabla uanze kutuma hii link kwa kila mgonjwa unayemjua, skiza vizuri. Kuna masharti, na ukiyaruka unaweza kumpoteza mtu.

Kwanza, kuruka kemo kwa kufuata jeni kunahusu kansa iliyopatikana mapema, yenye vipokezi vya homoni na isiyo na HER2. Kwa lugha rahisi, ni ile inayokula homoni za mwili, na ndiyo dawa za homoni zinaweza kuizuia. Kama ni ile inaitwa hasi tatu, isiyo na vipokezi vyovyote kati ya vile vitatu, haya matokeo hayakuhusu. Kama imeshasambaa, pia hayakuhusu.

Pili, umri unahesabika sana. TAILORx ilionyesha kwamba wenye miaka 50 kurudi chini walipata faida fulani ya kemo kuanzia alama 16, na zaidi wakiwa na 21 hadi 25. MINDACT nayo, baada ya miaka minane, ikaonyesha picha kama hiyo: kwa wale wa chini ya miaka 50 kemo iliongeza karibu pointi tano, na kwa waliozidi hapo karibu hakuna. Wataalamu wengi wanashuku kwamba kwa wanawake wadogo, sehemu ya kazi ya kemo ni kuzima ovari, homoni zinakatika na kansa inakosa chakula.

Tatu, tezi. Mwaka 2021 utafiti uitwao RxPONDER uliangalia wenye kansa iliyofika kwa tezi moja hadi tatu, na alama isiyozidi 25. Waliokwisha kukoma hedhi hawakuongezewa kitu na kemo. Ambao bado wanapata hedhi, kemo iliwasaidia.

Nne, hata ukiruka kemo hujaruka matibabu. Upasuaji uko pale pale, dawa za homoni unameza kila siku kwa miaka mitano ama zaidi, na wengi wanahitaji mionzi pia. Anayeacha hizo dawa katikati ati kwa sababu "jeni zangu ni poa" anajichezea.

Chunga hesabu za kupika

Kama kila kitu chenye doh ndani yake, hata hapa kuliingia mambo.

Mwaka 2006 Anil Potti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walidai wamepata saini za jeni zinazoweza kukuchagulia ni kemo gani itafanya kazi kwako. Watu walifurahi kweli. Lakini wataalamu wawili wa takwimu kutoka MD Anderson kule Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kurudia hesabu na hazikutoka. Walipochimba wakapata orodha za jeni zilisonga mstari mmoja kwa jedwali, kwa hivyo majina yote yalikuwa ya jirani. Mahali pengine lebo ziligeuzwa: uvimbe unaosikia dawa umeandikwa haisikii, na usiosikia umeandikwa inasikia.

Fikiria hapo. Mgonjwa anapewa dawa ambayo kompyuta imesoma kinyume. Na wagonjwa wa kweli walikuwa tayari wameingizwa kwa majaribio. Mwaka 2010 ikafichuka kwamba Potti alikuwa amedanganya hata kwa CV yake, akidai tuzo ya masomo ya Rhodes ambayo hakuwahi kupata. Majaribio yakafungwa, akajiuzulu, makala zikafutwa.

Kuna nyingine ya kuchekesha, na hapa kucheka ni kwa kweli. Mwaka 2011 watafiti watatu, Venet, Dumont na Detours, waliuliza: je, saini yoyote ile inaweza kuonekana inatabiri kansa ya matiti? Wakachukua saini ya jeni zinazobadilika mtu akicheka baada ya kula. Naam, kucheka baada ya kula. Na hiyo pia ikaonekana inahusiana na nani ataishi na nani atakufa.

Kwa nini? Kwa sababu kwa kansa ya matiti jeni nyingi sana huenda sambamba na kasi ya seli kugawanyika. Ukiokota jeni zako ovyo, huenda ukanasa hiyo kasi bila kujua. Ni kama kusema idadi ya mandazi yanayouzwa stage inatabiri jam ya Thika Road. Itaonekana kweli, lakini mandazi hayaleti jam.

Somo ni moja: orodha ya jeni peke yake si kitu. Kilichofanya MammaPrint na Oncotype zikaaminika ni ile mitihani mikubwa ya maelfu ya wanawake, iliyofuatwa miaka nenda miaka rudi. Mtu akikuuzia kipimo cha jeni cha kansa, muulize: mmekijaribu kwa watu wangapi, na kwa muda gani?

Na huku kwetu?

Sasa turudi nyumbani. Kulingana na makadirio ya GLOBOCAN, mwaka 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa kansa ya matiti karibu 6,800, na vifo zaidi ya 3,000. Ndiyo kansa inayopata Wakenya wengi zaidi.

Kuna dhana kwamba kansa ya matiti ya Mwafrika ni ile kali isiyo na vipokezi. Ni kweli kwamba hiyo hupata wanawake weusi zaidi kuliko wazungu. Lakini utafiti uliofanywa hapa Kenya na wataalamu wa Aga Khan na kuchapishwa 2014 ulipata kwamba wagonjwa wengi walikuwa na vipokezi vya homoni. Kwa hivyo usidhani hii mada ni ya wazungu.

Shida zetu ni tatu.

Ya kwanza ni doh. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, Medicare, imekuwa ikilipa dola 3,873 kwa kipimo kimoja. Kwa pesa zetu hiyo ni karibu nusu milioni. Ni harambee nzima kwa karatasi moja ya majibu. Kabla ya kwenda njia hiyo, uliza bima yako inasemaje, na uliza daktari kama majibu yatabadilisha chochote. Kama ni lazima upewe kemo hata yakija poa, ama huwezi kupewa hata yakija mbaya, kipimo ni cha nini?

Ya pili ni kwamba majaribio makubwa yalifanywa zaidi kwa wanawake weupe. Mwaka 2021 utafiti wa Marekani ulioangalia zaidi ya wagonjwa 86,000 ulipata kwamba Oncotype haikutabiri vizuri kwa wanawake weusi kama kwa weupe. Haimaanishi kipimo ni bure. Inamaanisha alama ya chini kwa mwanamke mweusi isomwe kwa makini, pamoja na kila kitu kingine kwa faili yake.

Ya tatu ndiyo inauma zaidi: wengi wetu tunafika hospitali tukiwa tumechelewa, kansa ikiwa hatua ya tatu ama ya nne. Huko hakuna mjadala wa kuruka kemo. Hii sayansi yote ni ya mtu aliyegundua mapema. Kale kadonge unakopapasa ukioga na kusema "nitaangalia baada ya shule kufungua" ndiko kanakokutoa kwa orodha ya wenye bahati.

Bila nusu milioni, fanya hivi

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya jibu unaweza kuipata bila kutuma kipande chako ng'ambo.

Hakikisha uvimbe umepimwa vipokezi vya homoni na HER2 kabla ya kitu kingine chochote. Bila hayo, daktari anaendesha usiku bila taa. Uliza pia kuhusu Ki-67, kipimo kinachoonyesha kasi ya seli kugawanyika. Ile kasi ambayo hata jeni za kucheka zilikuwa zinafuata bila kujua? Hii inaipima kwa bei ya chini sana, ingawa si kwa uhakika uleule.

Kuna pia kikokotoo cha bure mtandaoni kiitwacho Predict, kilichotengenezwa Cambridge, Uingereza. Daktari anaweka umri, ukubwa wa uvimbe, tezi, vipokezi na HER2, kisha kinakadiria kati ya wanawake 100 kama wewe, kemo ingeongeza wangapi. Si kipimo cha jeni, na kiliundwa kwa data ya Uingereza, lakini kinafungua mazungumzo. Kifungue ukiwa na daktari, usijifungie nacho usiku peke yako.

Na chunga kile kipande chako cha nta. Jua kiko maabara gani, na weka nakala ya ripoti yako nyumbani. Ukiamua kupima jeni baadaye, ama ukitafuta daktari wa pili, kitahitajika.

Halafu beba maswali haya manne, yaandike kwa karatasi maana ukifika pale kichwa kitapotea:

Kansa yangu iko hatua gani, na imefika kwa tezi ngapi?

Ina vipokezi vya homoni? Na HER2?

Kati ya watu 100 kama mimi, kemo itasaidia wangapi zaidi ya dawa za homoni pekee?

Nikiiruka, mpango wenu ni gani?

Daktari mzuri hatakasirika. Na pengine atakwambia, "Mama, kwako kemo inasaidia sana, usiiache." Basi ndio hivyo, vaa viatu uende, na sisi tutatuma kwa ile paybill bila kuulizwa mara mbili. Usimwache mtu aliyesoma makala moja kwa simu, hata kama ni hii, akutoe kwa matibabu uliyopangiwa.

Lakini pia anaweza kunyamaza kidogo, avute faili, aangalie tena namba, halafu aseme: "Kwa kweli, kwako ni mmoja kati ya mia." Na hapo wewe ndiye unaamua.

Kwa hivyo siku nyingine ukiongezwa kwa ile group, tuma mia tano yako. Halafu mpigie mathe simu, muulize kama ameenda na yale maswali manne.